Filamu Sita za Tom Tykwer na Marie Steinmann: Mpangilio Wetu kutoka Kyebando

Swali moja hurudi kila muhula katika mazungumzo ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala: tuwaonyeshe wanafunzi filamu gani? Riwaya na tamthilia tunazo, ingawa nakala hazitoshi. Nyimbo zipo tele. Lakini filamu ambayo wahusika wake wanagombana, wanapendana na kuomboleza kwa Kiswahili, na ambayo imetengenezwa kwa ustadi wa kumfanya mtazamaji asahau kwamba yumo darasani, si rahisi kuipata. Katika makala haya tunazijadili filamu sita. Zote zimetengenezwa Kenya, na nyuma ya zote wamesimama watu wawili: Tom Tykwer na Marie Steinmann.

Tykwer ni mwongozaji wa filamu kutoka Ujerumani. Alijulikana duniani kwa filamu yake Lola rennt ya mwaka 1998, inayomhusu msichana anayekimbia katika mitaa ya Berlin akitafuta fedha za kumwokoa mpenzi wake. Steinmann, ambaye ni mkewe, alijitosa katika kazi ya kuwafundisha sanaa watoto wa Kibera jijini Nairobi, na mwaka 2008 jina la One Fine Day likazaliwa. Kutokana na kazi hiyo ikatoka filamu ya kwanza, kisha yakafuata madarasa ya filamu yaliyowakusanya vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika ili wajifunze uandishi, upigaji picha, uhariri na uongozaji, kwa ushirikiano na DW Akademie ya Ujerumani na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi.

Ni muhimu kueleza kwamba wawili hawa hawakuziongoza filamu hizi wenyewe. Kila filamu ina mwongozaji wake, na tutamtaja kila mmoja mahali pake. Wao walikuwa kama fundi mkuu anayemwachia mwanagenzi randa, huku akisimama karibu kutazama ubao usipasuke. Hata hivyo ukizitazama filamu zote kwa mfululizo unaiona alama yao: hadithi fupi isiyopoteza muda, mhusika mmoja anayesukumwa na haja moja, na uhalisia wa mtaa ulioshonwa pamoja na jambo la ndoto au la kimiujiza. Lusala (2019) ya Mugambi Nthiga, ambayo ni ya saba, tumeiacha nje kwa sababu hatukuitazama pamoja na hizi.

Kipimo chetu

Tulizitazama katika chumba cha kupanga huku Kyebando, kaskazini mwa jiji, walimu kwa wanafunzi, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Mlango ukiwa wazi majirani huingia, na majirani waliingia. Tunalitaja hili kwa sababu ndilo lililotupa kipimo cha kuzipanga filamu hizi.

Hapa Uganda Kiswahili kina jeraha. Watu wengi walikisikia kwanza kutoka kinywani mwa askari: kwenye kizuizi cha barabarani, usiku, kwa sauti ya amri. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na yale yaliyotendwa na utawala ule yakakiongezea lugha aibu isiyokuwa yake. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Maazimio yapo, lakini masikio ya watu hayabadiliki kwa maazimio. Mzazi wa hapa bado anaweza kukuambia, bila chuki yoyote, kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi.

Basi katika kila filamu tulijiuliza maswali mawili. La kwanza ni la uhakiki wa kawaida: je, ni filamu nzuri katika msuko, wahusika, mandhari na uigizaji? La pili ni letu sisi walimu: watu wa filamu hii wanatumia Kiswahili kufanya nini? Tunaanza na ya mwisho na kupanda hadi ya kwanza.

Nafasi ya sita: Veve (2014)

Simon Mukali anatupeleka Maua, katika eneo la Meru, kwenye biashara ya miraa, ambayo hapa kwetu huitwa mairungi. Amos ni mbunge na pia mfanyabiashara wa miraa, naye anataka kuishika biashara yote. Mkewe Esther amesahauliwa nyumbani. Kenzo ni kijana anayekuja kulipiza kisasi cha kifo cha baba yake. Mandhari ni ya kuvutia, na mwalimu atapata msamiati mwingi wa biashara na siasa.

Udhaifu wake umo katika msuko. Uchaguzi, kisasi, mapenzi ya nje ya ndoa na malalamiko ya wakulima vyote vimepakiwa katika gari moja. Wahusika wanafanya yale ambayo hadithi inawahitaji wafanye, wala si yale ambayo mtu wa aina yao angeyafanya. Kiswahili chake ni cha kutishana na kupatana bei. Ni filamu ya kuburudika nayo jioni moja, lakini hatukuona sababu ya kuirudia.

Nafasi ya tano: Soul Boy (2010)

Hii ndiyo ya kwanza kutengenezwa, ikiongozwa na Hawa Essuman kutokana na mswada wa Billy Kahora. Ina urefu wa saa moja tu. Abila, kijana wa miaka 14 anayeishi Kibera, anaamka na kumkuta baba yake hana nguvu wala hamu ya kuishi, akidai kwamba roho yake imeibwa. Aliyeiiba ni Nyawawa, jina ambalo katika imani za Waluo ni la mapepo. Abila anamwendea, naye anampa kazi saba za kufanya ili baba akombolewe. Rafiki yake Shiku anamsaidia.

Mwalimu wa fasihi simulizi atafurahi. Hapa kuna ngano kamili: shujaa mdogo, safari, majaribu yenye idadi maalumu, na msaidizi. Tofauti ni kwamba msitu umekuwa mitaa ya mabati. Tunaipendekeza kwa madarasa ya mwanzo, kwa kuwa ni fupi na sentensi zake si ndefu.

Mbona basi ipo chini? Kwa sababu uigizaji wa baadhi ya watoto unayumba, na kazi saba zinapita mbio mno. Jaribu moja halijatulia moyoni kabla jingine halijabisha hodi. Lakini hoja yake kwamba mtoto anaweza kulibeba deni la mzazi ni nzito, na tutaiona tena, ikiwa imegeuzwa, katika filamu tuliyoipa nafasi ya kwanza.

Nafasi ya nne: Kati Kati (2016)

Kwa ubunifu pekee, filamu hii ya Mbithi Masya ingepanda zaidi. Mwanamke anayeitwa Kaleche anajikuta nyikani amevaa gauni la hospitali. Anatembea hadi kwenye nyumba za wageni, anawakuta watu wanaomkaribisha, na kiongozi wao, Thoma, anamweleza kwamba amekufa. Wote waliopo pale wamekufa, nao hawawezi kuondoka mpaka kila mmoja aukabili ukweli wa maisha yake. Mwaka 2016 filamu ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika Tamasha la Filamu la Toronto, na ilistahili.

Jina lenyewe ni somo. Wafu hawa wapo kati ya huku na kule, na Kiswahili kimelisema hilo kwa kurudia neno moja. Lakini hapo ndipo penye masikitiko yetu. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kiingereza. Kiswahili kinaingia na kutoka kama mgeni. Hatulaumu, kwani ndivyo wanavyozungumza watu wengi wa tabaka hilo jijini Nairobi, na msanii ana haki ya kusema kweli. Ila mwalimu wa lugha atafanya nini na filamu ambayo hata kifo chake kinazungumzwa kwa Kiingereza? Mmoja wetu alijibu kwamba hilo lenyewe ni mada ya mjadala: kwa nini watu hawa wanaungama kwa lugha waliyofundishiwa shule? Tumelikubali jibu lake, lakini filamu tumeiacha hapa.

Nafasi ya tatu: Something Necessary (2013)

Judy Kibinge ametengeneza filamu inayozungumza kwa sauti ya chini kuliko zote sita. Ni baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Anne, muuguzi, anatoka hospitalini na kurudi shambani kwake. Mumewe ameuawa, mwanawe amelazwa hana fahamu, nyumba imeharibiwa. Wakati huohuo tunamfuata Joseph, kijana aliyekuwamo katika genge la washambuliaji, ambaye sasa hawezi kulala na alichokifanya.

Filamu haiwaleti wawili hawa pamoja kwa haraka ili wasameheane na sisi tukaenda kulala salama. Inawaacha mbalimbali kwa muda mrefu, kila mmoja na kazi ya mikono yake. Tulivutiwa na namna inavyotumia ukimya. Wahusika wana maneno machache, na kwa hiyo kila neno lina uzito. Mwanafunzi wa Uganda, ambaye nchi yake nayo ina mashamba yaliyochomwa na majirani wasiotazamana, hahitaji maelezo marefu ya usuli. Tulipomaliza, hakuna aliyesema kitu kwa dakika kadhaa. Tungeipa nafasi ya juu zaidi kama isingekuwa na baadhi ya maonyesho yanayoeleza kwa kinywa yale ambayo uso wa Susan Wanjiru, aliyeigiza Anne, ulikwisha kuyaeleza.

Nafasi ya pili: Nairobi Half Life (2012)

Hapa ndipo tulipogombana.

David "Tosh" Gitonga anatusimulia habari za Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuwaigizia wateja wake mapigano yaliyomo ndani yake. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji. Anaibiwa mara tu anapofika, anatiwa korokoroni, huko anakutana na Oti, na kupitia kwa Oti anaingia katika genge la wezi wa vipuri vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, usiku anaiba. Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora katika Tamasha la Filamu la Durban mwaka 2012, na filamu ikawa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni.

Kwa mhakiki wa lugha, filamu hii ni hazina. Mwas anazungumza Kikuyu na mama yake, Sheng na wenzake wa genge, Kiingereza jukwaani. Kila lugha ni vazi, na tunamwona akilivaa na kulivua. Kiswahili cha mtaani kimerekodiwa kama kilivyo, pamoja na upatanisho wa ngeli uliolegea, ule wa kusema "kitu yangu" badala ya "kitu changu". Mwalimu anaweza kuchukua dakika tano za mazungumzo, akawaomba wanafunzi wayaandike kwa Kiswahili sanifu, kisha akawauliza kimepotea nini. Hilo la mwisho ndilo swali la maana. Kinachopotea ni Oti mwenyewe.

Baadhi yetu waliitaka iwe ya kwanza, na hoja yao ilikuwa na nguvu: hakuna nyingine kati ya sita yenye kasi, ucheshi na huzuni kwa kipimo hiki. Lakini tulipokuwa tukiitazama, jirani mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni alitazama kwa muda, akaomba tumweleze kwa Kiganda wanasema nini, kisha akacheka na kusema kwamba hata nyie mnaona, wezi ndio wenye Kiswahili. Akaenda zake kupika.

Tulibishana juu ya kicheko hicho wiki nzima. Upande mmoja ulisema kazi ya sanaa haina wajibu wa kuitangaza lugha, na kwamba kuishusha filamu kwa sababu ya dhana potofu ya mtazamaji ni kumwadhibu msanii kwa kosa la historia. Upande wa pili ulisema mwalimu si mhakiki tu. Analipeleka jambo mbele ya watoto wa watu, na watoto hao wanarudi nyumbani jioni kusimulia. Hatukumalizana. Tuliloafikiana ni kwamba filamu hii isiwe ya kwanza kuonyeshwa. Iwe ya pili, baada ya mwanafunzi kukisikia Kiswahili kikifanya kazi nyingine.

Nafasi ya kwanza: Supa Modo (2018)

Kazi hiyo nyingine imo katika filamu ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa asiye na tumaini la kupona. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa katika kituo cha kutunzia wagonjwa na kumrudisha kijijini ili siku zake za mwisho ziwe nyumbani. Dada yake, Mwix, hakubali kwamba mtoto akae ndani akingoja kifo, na anakishawishi kijiji kizima kijifanye kwamba Jo kweli ana nguvu hizo.

Ilipata kutajwa kwa heshima na baraza la watoto katika Tamasha la Filamu la Berlin mwaka 2018. Lakini hatukuipa nafasi ya kwanza kwa ajili ya tuzo. Tumeipa kwa sababu tatu.

Kwanza, imekataa njia ya mkato. Filamu ya mtoto anayekufa inaweza kumkamua mtazamaji machozi bila kazi. Hii inamfanya acheke kwanza. Pia inamheshimu mama anayeupinga mchezo ule. Ni mkunga aliyepokea watoto wa wenzake na hawezi kumzuia wake asiondoke, na kukataa kwake kudanganya ni aina ya upendo. Mwix na mama yake wote wana haki, na hapo ndipo palipo na tamthilia ya kweli. Kisha tunagundua kwamba Jo hakudanganyika. Alijua tangu mapema. Mtoto ndiye aliyekuwa akiwabeba wakubwa. Hapa hoja ya Soul Boy inarudi ikiwa imekomaa.

Pili, Mike. Huyu ndiye mwenye kibanda cha video kijijini, anayesimama mbele ya watazamaji akiwasimulia filamu za kigeni, akichanganya tafsiri na chumvi yake mwenyewe. Hapa Kampala hatuhitaji kuelezwa yeye ni nani. Ndugu zake tunao katika bibanda vyetu, nao huitwa VJ. Kenya wana DJ Afro. Tanzania walikuwa na Lufufu. Wasomi waliwapuuza kwa miaka mingi, wakisema wanaharibu filamu. Supa Modo inamwonyesha kama alivyo: mfasiri wa watu wasiofasiriwa na mwingine, na mtu ambaye kijiji kinamhitaji siku kinapotaka kutengeneza filamu yake chenyewe. Mwanafunzi wa tafsiri aitazame kwa ajili ya Mike pekee.

Tatu, kile kipimo chetu. Hapa Kiswahili, pamoja na Kikuyu na Kiingereza vilivyochanganyika nacho, ni lugha ya kumfunika mtoto blanketi, ya kumtania, ya kumkatalia, ya kijiji kupanga jambo jema kwa siri. Hakuna kizuizi cha barabarani wala amri. Jirani yetu yuleyule alirudi jioni hiyo na kuketi kitini. Safari hii hakuomba tumfasirie mpaka mama alipokuwa peke yake na mtoto. Hapo akauliza kwa sauti ya chini, anamwambia nini? Tukamweleza. Hakusema lolote juu ya Kiswahili, na sisi hatukumuuliza.

Tamati

Tusimalize bila kutaja lawama yetu. Filamu hizi zimezunguka matamasha ya Ulaya na Amerika, lakini hatujaiona hata moja ikionyeshwa katika kibanda cha hapa Kyebando. Ni ajabu kwamba filamu inayomsifu mwenye kibanda haijamfikia mwenye kibanda. Vilevile fedha zilizozitengeneza kwa sehemu kubwa zimetoka Ujerumani, na mgeni njoo mwenyeji apone hutegemea mgeni aendelee kuja. Pamoja na hayo, mafunzo yamebaki. Mugambi Nthiga aliigiza katika Nairobi Half Life, akashiriki kuandika Kati Kati na Supa Modo, kisha akaongoza Lusala. Mwanagenzi ameshika randa.

Ushauri wetu kwa walimu ni huu: anzeni na Supa Modo, fuatisheni Nairobi Half Life, na acheni wanafunzi wabishane. Walio na mpangilio tofauti, hasa wale wanaotetea nafasi ya kwanza ya Mwas na Oti, waulete idarani kabla ya toleo lijalo. Wamo miongoni mwetu wanaowasubiri kwa hamu.